Majani ni Kitoweo: Maneno kwa Wafugaji wa Kuku wa Uani

Jioni, wachuuzi wa mboga wa soko la Mgandini hapa Tanga wanapoanza kukunja magunia yao na kuhesabu mauzo, hubaki chini ya meza zao mali isiyo na mwenyewe: majani ya nje ya kabeji yaliyochanika, mafungu ya mchicha yaliyolegea kwa jua, matembele ambayo hapana mpishi aliyeyataka, na majani ya karoti yaliyokatwa ili karoti zenyewe zipendeze machoni. Mfagiaji huyaona kuwa ni taka, na mbuzi wa mtaani huyaona kuwa ni karamu. Lakini mtu mwenye kuku kumi katika ua wa nyumba yake, ambaye kila mwisho wa mwezi huugua moyoni anapolipia gunia la pumba, huyaona kuwa ni nusu ya matumizi yake iliyookotwa bure. Makala haya ni kwa ajili ya mtu huyo wa tatu, na aliyeyaandika alikuwa kama yeye, akafanya kosa ambalo hapendi msomaji alirudie.

Nilipoanza kufuga nilikuwa na mitetea wanane na jogoo mmoja, wote wa kienyeji isipokuwa mmoja aliyekuwa na damu ya kuchi, na nilikuwa na hesabu ambayo karatasini haikuwa na kasoro hata moja. Niliwaza kwamba maadamu kuku hupenda majani, na majani hupatikana sokoni kwa kuinama tu, basi nikipunguza mahindi na pumba kwa nusu na kujaza pengo kwa kabeji na mchicha, gharama itashuka kwa nusu na mayai yatabaki pale pale. Juma la kwanza nilijiona mwerevu kupita majirani zangu wote, kwa kuwa kuku walikuwa wakiyarukia majani kwa shangwe. Juma la tatu mayai yalipungua, na kinyesi chini ya kizimba kikawa chepesi kama maji ya kuoshea mchele. Juma la tano mayai yalikatika kabisa, na siku nilipomshika mtetea mmoja kumtazama, mfupa wa kidari chake ulikuwa umechomoza mkali kama mkuku wa ngalawa.

Bibi mmoja jirani, ambaye alifuga kuku tangu kabla mimi sijazaliwa, alisimama mlangoni mwa ua akatazama kapu langu la majani, kisha akatazama kuku, kisha akanitazama mimi.

"Mwanangu," akasema, "ukiletewa mchicha asubuhi, ukaletewa mchicha jioni, na ugali usiuone, utaweza kulima?"

"Siwezi, Bibi."

"Basi na hao hawawezi kutaga. Majani ni kitoweo chao. Wewe umewapa kitoweo, ukawanyima chakula."

Katika maneno yale machache palikuwa na elimu yote niliyokuwa nimeikosa, na yote nitakayoyasema hapa chini ni sherehe yake tu. Iktisadi na ubahili hufanana kwa sura, kwani vyote viwili huanza kwa kuhesabu fedha na kuishika kwa nguvu. Bali hutengana kwa matokeo, kwa kuwa iktisadi huuliza kila kitu kinafaa nini ndipo ikakitumia mahali pake, na ubahili huuliza kitu gani ni rahisi ndipo ukakitumia mahali pa kila kitu.

Tuanze na hesabu, kwa sababu mahali nilipokosea ndipo wengi wanapokosea. Kuku mwenye kutaga huhitaji kila siku kiasi cha gramu 100 hadi 120 za chakula kikavu, na maji maradufu ya uzito huo. Kuku kumi, basi, humaliza kilo moja au zaidi kidogo kwa siku, ambayo kwa kipimo cha wazee wetu ni karibu vibaba viwili vya nafaka. Mchicha uliochumwa sasa hivi, ukiutia katika mizani, takriban sehemu tisa katika kumi za uzito wake ni maji. Kuku atakayetaka kupata gramu 100 za chakula kikavu kwa mchicha mtupu itamlazimu ale kilo nzima kwa siku, na yeye mwenyewe, akiwa mtetea wa kienyeji, aghalabu hapindukii sana kilo moja na nusu. Gole lake, yaani kile kifuko kilicho chini ya shingo kinachopokea chakula kabla hakijafika kwenye firigisi, lina ukubwa wake, na likijaa majani limejaa kweli; naye huacha kudonoa kwa kuwa ameshiba, kumbe ameshiba maji.

Kwa hiyo chakula chenyewe hakikwepeki. Kuku wa kutaga hutaka chakula ambacho kiasi cha sehemu 16 katika 100 ni protini, na mahindi peke yake yana sehemu nane au tisa, ndiyo maana mfugaji huongeza mashudu ya alizeti na dagaa waliosagwa. Sisi wa pwani tuna bahati kwamba vichwa vya samaki na vumbi la dagaa hupatikana karibu na forodha kwa bei ndogo. Tuna pia machicha ya nazi, ambayo hayana udugu na mchicha isipokuwa kwa jina, na ambayo mama zetu walikuwa wakiwamwagia kuku kila baada ya kukamua tui: hayo hutia nguvu kwa mafuta yaliyobakia ndani yake, lakini protini yake ni haba na huchacha upesi, basi yamwagwe siku ile ile, wala yasilazwe.

Msomaji ataniuliza, ikiwa majani hayawezi kushika mahali pa nafaka, yana faida gani hata tuyahangaikie? Nami nitamjibu kwa visa viwili ambavyo ulimwengu wa tiba haujavisahau, na vyote viwili vilitoka kwa kuku.

Daktari wa Kiholanzi, Christiaan Eijkman, alikuwa Batavia katika kisiwa cha Java mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, akitafuta chanzo cha maradhi ya beriberi, kuku wa maabara yake waliposhikwa na ulegevu wa miguu hata wakawa hawawezi kusimama. Baadaye ikadhihirika kwamba mhudumu wao, kwa kutaka kubana matumizi, alikuwa akiwalisha wali mweupe uliobaki jikoni mwa hospitali ya askari. Na alipokuja mpishi mpya, ambaye hakuridhia wali wa askari uliwe na kuku wa raia, wakarudishiwa mchele usiokobolewa, wakapona. Kilichowaponya kilikuwa katika lile ganda jembamba la punje ambalo kinu huliondoa ili mchele upendeze, na kwa kuligundua jambo hilo Eijkman alishirikishwa katika tuzo ya Nobel ya mwaka 1929. Mfugaji anayedharau pumba na kuwatupia kuku wake makoko ya wali mweupe peke yake, siku nenda siku rudi, anayarudia makosa ya mhudumu yule, na kwa nia ile ile njema.

Kisa cha pili kinagusa majani yenyewe. Huko Copenhagen, kuanzia mwaka 1929, Henrik Dam alikuwa akiwalisha vifaranga chakula kilichoondolewa mafuta yote, akaona kwamba wanavuja damu chini ya ngozi na katika nyama, na kwamba damu ikishatoka haigandi. Aliwapa hiki na kile bila mafanikio, hata alipofikia majani mabichi damu ikarudi kuganda kama kawaida. Kitu kile kilichokuwamo ndani ya majani alikipa jina la vitamini K mwaka 1935, na tuzo ya Nobel ya mwaka 1943 ilikuwa yake na Mmarekani Edward Doisy. Hivyo konzi ya mchicha unayoitupa kizimbani ina ndani yake dawa ambayo wataalamu waliitafuta kwa miaka, nawe umeipata kwa kuinama.

Kwetu kuna haja nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo ni vitamini A. Mahindi ya manjano yana rangi ambayo mwili wa kuku huigeuza kuwa vitamini hiyo, lakini mahindi tunayoyapenda sisi ni meupe, na mahindi meupe hayana rangi hiyo. Kuku aliyefungiwa kizimbani, akila mahindi meupe na pumba zake bila jani, baada ya muda macho yake huvimba na kutoka utandu mzito kama jibini, na ukimfungua mdomo waweza kuona vipele vyeupe ndani ya koo. Watu husema ana mafua, wakamnunulia dawa ya mafua, na kumbe alichokikosa kinaota nyuma ya choo. Kuku anayezurura hujitafutia mwenyewe, kwani mtoto wa kuku hafunzwi kuchakura. Lakini ukimfungia umemnyang'anya ujuzi wake, na deni la majani limekuwa juu yako.

Juu ya rangi ya kiini cha yai nitasema neno moja la insafu. Ni kweli kwamba majani hukifanya kiini kiwe cha manjano iliyokolea, na ni kweli kwamba wanunuzi hukipenda, na muuzaji wa mayai aweza kuomba bei nzuri zaidi kwa ajili yake. Lakini rangi hiyo, kwa sehemu kubwa, hutokana na kitu katika majani ambacho si vitamini A yenyewe, kwa hiyo kiini kilichokolea ni ishara kwamba kuku amekula majani, wala si shahada kwamba amekula vyema. Kuku wangu wale waliokonda walitaga, kabla hawajakoma, mayai yenye viini vizuri kupita kiasi.

Sasa tuyatazame majani yenyewe, maana kila moja lina tabia yake. Mchicha ni wa kwanza kwa wepesi wa kupatikana, huota haraka na huliwa na kuku wote, ila una aina ya tindikali ambayo huikamata chokaa na kuizuia isiingie mwilini, na mtetea huhitaji chokaa kwa ganda la yai. Basi mchicha usiwe jani la kila siku peke yake, upishane na mengine. Matembele ni rafiki wa maskini, hayana ubaya mkubwa, na yakishashika ardhi hayadai mbegu tena. Majani ya kunde ni mazuri, na yakiwa machanga kuku huyamaliza hadi kikonyo. Kabeji ina maji mengi na lishe kidogo kuliko sura yake, lakini huvumilia joto bila kunyauka upesi, na kwa kuku waliofungiwa hutumika kama kazi ya kuwashughulisha wasidonoane manyoya. Boga lililoiva, utumbo wake na mbegu zake, papai lililopita kuiva, na maganda ya embe yenye nyama ya manjano, si majani, lakini kwa vitamini A havishindwi na majani, na katika nyumba nyingi hutupwa.

Mlonge, ambao wengine huuita mzunze, ni hazina iliyosimama ukutani. Majani yake, yakikauka, robo yake au zaidi ni protini, nao hupandwa kwa tawi lililochomekwa tu, ukakua hata katika mchanga wa pwani, na kadiri unavyoukata ndivyo unavyochipua. Lusina nayo ina protini nyingi, na imejaa kando ya njia, ila ndani yake mna sumu iitwayo mimosini ambayo ikizidi humpunguzia kuku mayai. Yeyote atakayeitumia asipite sehemu tano katika mia za chakula, yaani kilo moja ya majani makavu katika kilo 20 za mchanganyiko. Kisamvu ndicho kinachotaka hadhari zaidi, kwa kuwa jani la muhogo, hata la ule mtamu, lina sianidi. Sisi wenyewe hatulili mpaka tumelitwanga na kulichemsha sana. Basi haifai kumtupia kuku bichi. Likatwekatwe, lianikwe juani siku mbili tatu mpaka likauke kabisa, lisagwe, nalo lisipite kipimo kile kile cha lusina.

Kuna vitu ambavyo havina kipimo isipokuwa kuviacha. Majani, gome na kokwa la mparachichi huwadhuru ndege, hata moyo ukasimama. Mbegu za mbarika huua. Viazi vya mviringo vilivyogeuka kijani, pamoja na maganda yake na machipukizi yake, vina sumu. Vivyo hivyo majani ya mnyanya, ijapokuwa nyanya yenyewe iliyoiva haina neno. Maharage makavu yasiyopikwa si chakula cha kuku. Majani ya vitunguu yakizidi huharibu damu, na hata yakiwa machache huliachia yai harufu ambayo mnunuzi hatakusamehe. Na sisi tulao ng'onda na papa wa chumvi tukumbuke kwamba mabaki ya vyungu vyetu yana chumvi ya kutosha kumuua kifaranga, na kwamba mchuzi uliobaki, hata ukiwa wa mboga tupu, haumwagwi kizimbani kabla mtu hajauonja.

Kitu kilichoota ukungu ni hatari kupita vyote, kwa sababu hakionyeshi ukali wake. Mwaka 1960 batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana, na uchunguzi ulipofika mwisho ukayashika mashudu ya karanga yaliyokuwa na kuvu. Ndipo ulimwengu ukaijua sumu ambayo sisi leo tunaiita sumukuvu. Kwa hiyo mahindi yaliyooza ambayo mwenye duka anakupa bure kwa kuwa "ni ya kuku tu" usiyapokee, wala majani yaliyolala ndani ya mfuko wa plastiki hata yakatoka utelezi usiyaonee huruma. Rahisi ni ghali, na katika ufugaji ughali wake hauchelewi.

Nirudi kwenye yale majani ya nje ya kabeji niliyoanza nayo, kwa kuwa yana ghiliba ndani yake. Jani la nje ndilo linalopewa bure, na jani la nje ndilo lililopokea dawa ya wadudu nyingi zaidi shambani, kwa vile ndilo lililoyafunika mengine. Mzoee mchuuzi mmoja au wawili, uwe mteja wao wa haki kwa mboga za nyumbani mwako, ndipo uwaulize mzigo umetoka shamba gani na umepigwa dawa lini. Muuzaji anayekujua atakwambia. Kisha majani yote yaoshwe kwa maji mengi, na lenye kunuka dawa litupwe. Haya yana taabu kidogo, lakini taabu hiyo ndiyo bei ya kile kinachoitwa bure.

Namna ya kuwapa nayo ina adabu yake. Asubuhi kuku wapewe kwanza chakula chao kamili, wale washibe. Majani yaje adhuhuri au alasiri, konzi moja ya majani yaliyokatwa kwa kila kuku, na asiyeyazoea aanzishiwe kwa nusu ya hapo, asije akaharisha. Majani ya kuku wakubwa yafungwe kitita kwa kamba, yaning'inizwe kimo cha shingo zao, wayanyofoe bila kuyakanyaga. Yakimwagwa chini nusu yake huwa tope na kinyesi, na tope hilo ndilo njia ya minyoo. Vifaranga wakatiwe laini kama mtu akatavyo mboga ya kuchanganya na nazi. Majani marefu ya nyasi na mabua yenye nyuzi yasiachwe yalivyo, kwani hujisokota ndani ya gole yakaliziba, na gole lililoziba hulijua kwa kulishika asubuhi kabla kuku hajala: likiwa limejaa na gumu, pana tatizo. Kuku wa kizimbani wawekewe changarawe ndogo, maana kuku hana meno, na firigisi isiyo na vijiwe haisagi nyuzi za majani. Jioni kilichobaki kiondolewe.

Changarawe na chokaa ni vitu viwili mbalimbali, ijapokuwa wengi huvichanganya. Vijiwe hukaa ndani ya firigisi vikasaga, na magamba ya chaza au kome huyeyuka yakawa ganda la yai. Kimoja hakishiki mahali pa kingine. Pwani tunayo magamba kwa kuokota, hivyo hapana udhuru: yaoshwe chumvi, yachomwe kidogo, yapondwe, yawekwe katika chombo chake peke yake, kila mtetea achukue kadiri ya haja yake. Maganda ya mayai ya jikoni hufaa vilevile, ila yakaushwe na kupondwa mpaka yasifanane tena na yai, mtetea asije akajifunza kuyadonoa mayai yake mwenyewe.

Anayetaka kujitegemea kuliko kutegemea soko hahitaji shamba. Tuta la hatua tatu kwa moja, kando ya mahali maji ya kuoshea vyombo yanapomwagika, likipandwa mchicha huanza kuvunwa baada ya majuma matatu au manne. Na ukigawanya tuta mafungu manne, ukapanda fungu moja kila juma, hapatakosekana fungu lililo tayari. Kinyesi cha kuku hao hao ndicho mbolea, lakini kikiwa kibichi huunguza mizizi, basi kilundikwe na takataka za majani mpaka kioze na kupoteza harufu. Tuta lizungushiwe makuti au wavu, kwani mwenye shamba na mwenye kuku wakiwa mtu mmoja, kesi yao huwa haina hakimu.

Pwani yetu ina miezi ya neema na miezi ya ukata. Wakati wa masika kila uchochoro una majani, na mfugaji hudhani kwamba hali itakuwa hiyo siku zote. Ikifika Januari na Februari, kaskazi inapokausha hata magugu, mchicha hupanda bei na kuku hukosa. Mwenye busara huweka akiba mvua ingalipo. Majani ya mlonge na ya kunde yachumwe asubuhi umande ukishakauka, yatandazwe kivulini penye upepo, yapinduliwe mara kwa mara, mpaka yavunjike mkononi yangali ya kijani. Yakianikwa juani moja kwa moja hukauka upesi, lakini jua huila ile rangi tunayoihitaji. Kisamvu peke yake ndicho hutolewa juani, kwa ajili ya sumu yake. Yakishakauka yatwangwe, yatiwe katika debe lenye mfuniko, mbali na mwanga na unyevu, na katika kiangazi yachanganywe na chakula kwa kipimo cha moja katika ishirini. Hapa ndipo jani linapokuwa chakula badala ya kitoweo, kwa sababu maji yamekwisha kutoka. Na hapa ndipo akiba ya kweli ya fedha inapopatikana, kwani mlonge mkavu hupunguza mashudu ya kununua, jambo ambalo kabeji mbichi haiwezi.

Nisingependa msomaji aondoke na dhana kwamba majani ni dawa ya kila kitu. Wako watu wanaotia mshubiri na pilipili katika maji ya kuku wakiamini kwamba wamezuia mdondo, na kuku wakipona husifu mshubiri, wakifa husema ni amri ya Mungu. Mdondo hauzuiwi na jani lolote. Huzuiwa na chanjo, na ile ya tone la jicho, ambayo wafugaji wa vijijini huitumia sana kwa kuwa haiharibiki upesi kwa joto, hurudiwa kila miezi mitatu au minne, na gharama yake kwa kuku mmoja ni ndogo kuliko bei ya yai. Mtu anayeokota majani kwa miezi sita ili aokoe shilingi, kisha akaacha chanjo ili aokoe shilingi nyingine, huenda akapoteza kizimba kizima katika juma moja.

Basi ukitaka kujua kama umefanya iktisadi au umefanya ubahili, usitazame kijitabu chako cha matumizi, kwa kuwa kijitabu hakijui tofauti yake. Mshike kuku kila Ijumaa, upitishe vidole juu ya kidari: kikiwa na nyama pande zote mbili, upo sawa, kikianza kuwa mkuku, rudisha nafaka siku hiyo hiyo. Tazama kinyesi, hesabu mayai, angalia macho. Kuku hana maneno, lakini hafichi kitu.

Mimi sasa nina mitetea kumi na wawili na majogoo wawili. Majani yao siyanunui, na mahindi yao siyapunguzi.